Mamba wa Ijumaa

Haaaf.

Edisa alifumbua macho. Nje kulikuwa bado giza. Hata majogoo wa Bwera walikuwa hawajaanza mashindano yao. Akatega sikio. Sauti ilitoka jikoni, pumzi ndefu na nzito, kama ya mzee anayejitupa kitini baada ya kupanda mlima wa Maliba na gunia la muhogo kichwani. Maji yakalamba ukingo wa beseni, chubwi, kisha kimya.

Nyumba yake aliijua. Alilijua bati linalolia likipoa, alimjua panya wa darini pamoja na tabia zake zote. Huyu aliyepumua hakuwa wa ukoo huo.

Haaaf.

"Ee, mgeni wangu," Edisa akanong'ona, akikumbuka. "Kumbe hata wewe hulali."

Alikuwa mamba.

Tusikimbie. Kwa watu wa Ziwa Edward na Ziwa George, mamba ni samaki. Ni mrefu, mnene kama mkono wa mfyatua matofali, ngozi yake inateleza, na ana uso wa mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza ndoto. Yule mwingine, mwenye miguu minne na meno ya kujionyesha, anayevizia wateka maji, huku tunamwita gonya. Edisa alijifunza Kiswahili chake katika kambi ya polisi, alikoishi na marehemu mume wake, na kambini kila familia ilikuja na maneno yake kama ilivyokuja na godoro lake. Neno mamba alipewa na jirani, Amoding, mwanamke wa Kiteso. Siku Edisa alipohamia, kabla hajafungua hata mzigo wa sufuria, Amoding aliingia na bakuli la mamba kwa mchuzi wa karanga, akaliweka chini, akaondoka bila kungoja kusifiwa. Tangu siku hiyo, Edisa akipata mgeni wa maana, hakuona chakula kingine cha heshima kinachomfaa.

Na mgeni wa leo alikuwa wa maana kuliko wote.

Mjukuu wake Mbambu, mwalimu wa biolojia huko Kasese, alikuwa amechumbiwa na Christophe, kijana wa Kikongo anayeuza vitenge soko la Mpondwe. Leo mama yake Christophe, aliyeitwa Chérie, angevuka mpaka kuja kuiona nyumba. Mama huyo alizaliwa Kindu, kwenye mto mkubwa, akaolewa Beni, na sifa zake zilivuka mpaka kabla yake. Mchumba wa kwanza wa Christophe aliachwa kwa sababu ya kuku mmoja aliyekuwa hajaiva vizuri kwenye paja.

"Mama akikula kwenu, mambo imeisha," Christophe alimwambia Mbambu. "Asipokula, hata mumulete askofu, hatarudia hapa."

Sasa, leo ilikuwa Ijumaa. Ijumaa ni siku ya soko la Mpondwe, ndiyo maana mama aliichagua. Lakini pia ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na Chérie alikuwa Mkatoliki wa kweli, wa rozari mkobani na nyingine shingoni kama akiba. Nyama ilikuwa haiwezekani. Ngege, yule samaki mpana ambaye hakuna dini inayomgombania, wiki hiyo alikuwa ameadimika. Basi Mbambu akazungukia Katwe, akampata mama mmoja mchuuzi, Nabasa, akanunua mamba mzima mzima. Nabasa alimfunga samaki kwenye gunia lililolowa pamoja na majani, na bodaboda ilipokwisha kuondoka alikimbia nyuma yake na kikombe, akammwagia maji mara ya mwisho. Mbambu aliposimulia hilo, Edisa alisema, "Huyo Nabasa Mungu ampe miguu mizuri," kwa sababu hakupenda wema upite bila kuandikiwa kitu mahali fulani.

Edisa hakuwa akitafuta mkwe. Christophe alimtosha, alikuwa kijana anayevua kofia akiongea na wazee na anayecheka kwa vichekesho vyao hata vikiwa vibovu. Edisa alikuwa akitafuta mama. Mama yake Mbambu alifariki mtoto hajaota jino, na Edisa akawa mama na bibi na wakati mwingine baba, yote kwa khanga moja. Sasa magoti yake yalikuwa yakimwambia habari asizopenda. Mimi nikiondoka, aliwaza, huyu mtoto atamwita nani mama?

Ndiyo maana alishika kisu mapema, akaketi kando ya beseni.

Mamba akapanda juu, akafungua mdomo, haaaf, akabaki pale pua nje, ametulia.

"Nisamehe," Edisa akamwambia. "Baada ya sala."

Baada ya sala akasema baada ya kufagia. Baada ya kufagia akasema mtu hachinji kabla ya chai. Jua lilipofika mlangoni, mchuzi wa karanga ulikuwa umeiva, majani ya muhogo yametwangwa na kupikwa, na mamba alikuwa bado anapumua.

Mbambu akaingia akifunga kitambaa kichwani. "Mukaka, bado tu?" Ndivyo Wakonzo wanavyomwita bibi.

"Ananitazama."

"Mukaka, mamba hana macho ya maana. Haoni vizuri."

"Basi ananitazama vibaya. Kata wewe, mwalimu wake."

"Mimi nawapanga samaki, siwachinji."

"Kuwapanga ndiyo nini? Pale Mpondwe wanapangwa kila Ijumaa, wakubwa huku, wadogo kule, na sijasikia mchuuzi aliyepewa digrii."

"Kuwapanga kwa ukoo. Nani ndugu ya nani, nani alitoka tumbo moja na nani."

"Hiyo kazi tunaifanya kila matanga, bila mshahara," Edisa akasema, akakirudisha kisu juu ya meza kana kwamba amekipumzisha kidogo tu.

Wakati huo akaingia Baluku, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye leo angekuwa msemaji wa familia. Baluku alikuwa askari wa jeshi ujana wake wote. Alipostaafu akawa mzee wa kanisa la Wasabato, na kwa kweli hakubadilisha chochote ila wimbo. Bado alitembea kama anayekagua gwaride.

"Shemeji, umefika saa ya kazi," Edisa akamwambia kwa sauti tamu. "Nikatie huyu kijana."

Baluku akainama juu ya beseni, mikono nyuma. "Hii kitu iko na magamba?"

"Ni samaki, shemeji."

"Sikuuliza jina. Niliuliza magamba. Biblia inasema samaki awe na mapezi na magamba. Hii mimi naona ngozi tupu, kama kichwa ya afande wangu wa zamani. Siwezi kugusa."

"Umeua watu vitani, unaogopa samaki?"

"Adui niliua kwa amri," Baluku akasema. "Hii najisi, amri yake iko wapi?"

Na kabla Edisa hajaitafuta amri hiyo, mlango ukabishwa. "Hodi! Hodi kwenu!"

Mvua ndogo ilikuwa imefunga soko mapema. Wageni walikuwa wamefika, na chakula chao kilikuwa kinaogelea.

Mbambu akafunika beseni kwa ungo, wakatoka jikoni kila mmoja na tabasamu lake. Christophe akaingia kwanza, kofia mkononi. Nyuma yake akaja Chérie, mwanamke mpana, kitenge cha njano kilichopigwa pasi hadi kikang'aa. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akavipanga pembeni visimkwaze mtu. Hilo Edisa aliliona. Kisha Mbambu akapiga magoti kumnawisha mikono, na mkono wa blauzi ya Mbambu ulikuwa umelowa maji ya beseni. Chérie, bila kusema neno, akaukunja mkono ule mara mbili, akaulainisha kwa kiganja, kama mtu anayemtengeneza mwanawe kwa ajili ya shule. Hilo Edisa hakuliona tu, lilimgonga kifuani.

Ni huyu, akawaza. Mungu wangu, ni huyu, na mimi sina samaki.

Wakaketi. Wakasalimiana kwa Kinande, lugha ya huko Beni, lakini kile cha Chérie kiliishia kwenye habari za asubuhi, kisha wote wakahamia Kiswahili. Baluku akakohoa, akaanza: "Kwa jina la familia, sisi hapa tunawakaribisha, na utaratibu wa leo ni..."

Haaaf, ikasikika kutoka jikoni.

Chérie akageuza kichwa. "Pole sana, mama Edisa. Kuko mugonjwa mu nyumba?"

"Hapana, mama. Wote wazima."

Haaaf.

"Mama, ile mutu anapumua mubaya. Kama iko muzee wenu, mumulete, tumusalimie. Mi sina na aibu ya bagonjwa."

Edisa aliguswa sana na maneno hayo, hata akasahau kudanganya. "Si mgonjwa, mama," akasema. "Ni mamba."

Chérie akaishika rozari ya shingoni.

"Nini?"

"Mamba. Yuko kwenye beseni. Ni chakula chako."

Haijulikani mwanamke wa umri ule na uzito ule alifikaje juu ya kiti, lakini alifika, kitenge na rozari na vyote. "Christophe!" akapiga kelele. "Benyewe banafuga mamba mu kikoni! Ulinileta nikule ao nikuliwe?"

"Mama, shuka..."

"Sishuke! Mujomba wangu pale Kindu alienda kunawa miguu, tu miguu, na mamba ikamubeba. Hatukuzika hata kiatu! Sasa mi nikule mamba? Na kama ilikula mutu, njo mi nitakuwa nimekula mutu? Siku ya vandredi, Ijumaa? Mu Karemu, mu Kwaresima?"

"Mama, kaa chini!" Baluku akaamuru kwa sauti ya uwanja wa gwaride.

"Kaa chini weye, na mamba yako!"

Baluku alikaa. Familia nzima ilikumbuka tukio hilo kwa miaka, kwa sababu halikutokea tena.

Mbambu ndiye aliyefanya la busara, au alilodhani ni la busara. Akalivuta beseni hadi sebuleni, akaondoa ungo. "Mama, tazama. Hana miguu. Huyu si yule wa Kindu, yule sisi tunamwita gonya. Huyu ni samaki. Tazama alivyo mpole." Na ili kuonyesha upole huo, akamgusa mdomoni kwa mwiko.

Kap!

Mwiko ukabaki nusu.

Chérie, kutoka juu ya kiti, akaunyosha mkono kwa mwanawe. "Leta kikapu yangu."

Hapo Edisa aliona jambo lote likienda. Aliuona mkono wa blauzi uliokunjwa, aliviona viatu pembeni ya mlango, vikingoja kuvaliwa. "Mama," akasema, "ngoja kidogo. Mbambu, mweleze. Si wewe umesoma hawa? Mwambie ni samaki, awe na amani."

Ni bahati mbaya kwamba Mbambu alikuwa mwalimu mwaminifu.

"Kusema kweli, mukaka," akaanza, na Edisa akafumba macho, maana hakuna jambo zuri linaloanza na maneno hayo, "neno samaki lenyewe lina matatizo. Si ukoo. Ni kama kusema watu wa soko. Ijumaa ukifika Mpondwe, wote waliomo unawaita watu wa soko: Mkonzo, Mkongo, mwanajeshi, mwizi wa simu. Lakini hawakuzaliwa pamoja. Wamekutana tu mahali pamoja. Na samaki ni hivyo hivyo. Wamekutana majini. Jioni soko likifunga, kila mmoja anarudi kwao."

"Na huyu anarudi kwa nani?" Christophe akauliza. Alikuwa akimtazama Mbambu kwa namna ambayo ingewafaa zaidi wakiwa peke yao.

"Huyu ana mapafu. Ndiyo hiyo pumzi mnayoisikia. Mifupa ya mapezi yake imefanana na mwanzo wa mkono. Ukifuata ukoo wake, ngege ni mtu wa mbali kwake. Ndugu yake wa karibu zaidi ni..." Hapo Mbambu akaona alikokuwa akielekea, lakini mwalimu akishaanza sentensi huimaliza. "Ni ng'ombe."

"Ng'ombe," Chérie akarudia.

"Kuliko ngege, ndiyo."

"Ile njo iko nyama, basi." Chérie akawageukia wote kwa huzuni ya mtu aliyetaka kushindwa na akashinda. "Bon. Kama haiko mamba ya kukula bantu, iko ng'ombe ya mu mayi. Na leo vandredi. Mama Edisa, hamuna mubaya. Lakini mi siwezi."

Akashuka kitini polepole, akashika kikapu.

Edisa alimtazama mjukuu wake. Mbambu alikuwa amesimama na nusu ya mwiko mkononi, amejifukuzia ukwe kwa elimu yake mwenyewe. Na Edisa, ambaye hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne lakini alikuwa amepatanisha watu katika matanga mengi, akauona mlango mdogo ndani ya maneno yale, akaupitia.

"Mbambu. Ng'ombe naye, mama yake mkubwa alikuwa nani?"

"Vipi, mukaka?"

"Unasema huyu ni ndugu wa ng'ombe. Huyu tulimkuta majini. Ng'ombe naye, ukirudi kwao, kwao kabisa, utamkuta wapi?"

"Majini," Mbambu akasema. "Wote wenye miguu minne walitoka majini. Kwa ukoo, ng'ombe yuko ndani ya samaki."

"Na mbuzi?"

"Ndani."

"Na kuku?"

"Yumo."

"Basi, mama," Edisa akamgeukia Chérie kwa upole wote aliokuwa nao, "mimi naona mambo ni rahisi. Huyu si ng'ombe wa maji. Ng'ombe ndiye samaki wa nchi kavu. Hakuna nyama duniani. Kuna samaki tu. Kwaresima imetusumbua bure."

Christophe akacheka, akajizuia, akashindwa. Baluku akasema "Shemeji!" kwa hofu ya kweli. Chérie alisimama katikati ya sebule, kikapu mkononi, uso umekaza, na kitu fulani kikaanza kutikisika tumboni mwake, kikapanda hadi mabegani.

"Na mi?" akauliza. "Mi niko nini?"

"Wewe pia, mama," Mbambu akasema kwa sauti ndogo. "Sote."

"Mi niko samaki?"

"Kwa ukoo."

"Yesu Maria!" Chérie akaachia kikapu. "Basi padiri wetu akijua, vandredi nitajificha wapi?"

"Mama!" Christophe akafunika uso kwa kofia.

"Nyamaza, weye mutoto ya samaki!"

Wakacheka wote, hata Baluku, ingawa yeye aligeukia ukutani kwanza. Chérie akaketi, si kwa uzito wote, bali ukingoni, kama mtu ambaye bado anaweza kuondoka. Edisa aliliona hilo pia.

Kicheko kilipopungua, Baluku akainua kidole. Hakupenda samaki awe amekwisha kujadiliwa bila upande wake. "Sawa, ng'ombe imekuwa samaki. Lakini mimi swali yangu bado. Magamba!"

Mbambu akapiga magoti kando ya beseni, akachukua kisu kile kile kilichokuwa kimepumzishwa tangu alfajiri, na kwa ncha yake akakwangua ubavu wa mamba taratibu sana, huku akiuweka mbali mkono mwingine na ule mdomo. Akainua kidole. Christophe akawasha tochi ya simu. Juu ya kidole kulikuwa na kitu chembamba, cha duara, chenye kupitisha mwanga, kidogo kuliko punje ya mtama.

"Gamba," Mbambu akasema. "Anayo mwili mzima. Yamelala ndani ya ngozi."

Baluku akatoa miwani. Akatazama. Akaivua, akaifuta kwa shati, akatazama tena. "Na hizi kamba mbili za mbele? Hizi ni ndevu."

"Ni mapezi, babu."

"Mapezi," Baluku akasema. "Na magamba." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Watu wa Kayanja, kule ziwani, walikuwa wanakula hii kitu mbele yangu. Mke wa afande mmoja wa Soroti alikuwa ananiletea, mimi narudisha. Nilikuwa narudisha kila mara! Na harufu yake, jamani, na zile karanga..." Akayaomboleza mabakuli yote yaliyopita. Kisha akakunja mikono ya shati. "Lete kisu. Mimi nakata."

"Si ulisema huwezi kugusa?" Edisa akamuuliza.

"Amri imekuja."

Akashika kisu, akachutama kama askari, akaweka kiganja juu ya maji. Mamba akapanda polepole, akatoa pua nje karibu kabisa na kiganja hicho, akafungua mdomo.

Haaaf.

Baluku akasita.

"Wacha," Chérie akasema.

Wote wakamgeukia.

"Wacha, papa. Munanionyesha mutu, munaniambia iko ndugu, iko na mapafu sawa yangu, mukono sawa yangu, kisha munamukata mbele ya macho yangu? Mi siko mamba ya Kindu!" Akamtazama Edisa. "Mama, ulikuwaka nayo tangu jana. Juu ya nini hukuikata asubui, ukanipikia tu, bila mashauri? Ningekula. Ungesema samaki, ningekula."

Edisa angeweza kusema lolote. Angeweza kusema kuni zililowa. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameukunja mkono wa blauzi ya Mbambu.

"Nilishika kisu kabla ya kucha," akasema. "Kila nikimkaribia, anapumua. Nikasema baada ya sala, nikasema baada ya chai. Nimeshindwa, mama. Mchuzi upo, bundu ya muhogo itasongwa sasa hivi, majani yapo. Samaki wako nimeshindwa kumkata. Usimhesabie mtoto. Kosa ni langu."

Chérie akasukuma kikapu chini ya kiti, mbali, kwa mguu, na akaegemea nyuma kwa uzito wake wote mpaka kiti kikalalamika.

"Bale ba Beni baliniambia," akasema, "ukitoa mutoto yako kwa batu ya Uganda, watamukula. Mbuzi watakula, kitenge watakula, na mutoto watakula. Njo nikakuja kuangalia meno yenu." Akaonyesha beseni kwa kidevu. "Sasa naona nyumba yenye inashindwa kukula hata samaki yenye iko mu beseni. Mutoto wangu munaweza kumukula namna gani?" Akapiga makofi mara moja. "Mbambu, mwanangu, leta ile bundu. Mi niko na njaa."

Mbambu alikimbilia jikoni, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Wakaketi kuzunguka bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, na bakuli la karanga lisilo na kitu ndani ila karanga, na majani ya muhogo ambayo Wakongo huyaita sombe. Chérie alikula. Alikata tonge, akalichovya, akala; akaongeza sombe, akasema hata Kindu hawaitwangi vizuri hivi. Alipofika katikati ya sahani, akalikata tonge dogo zuri, akalichovya mahali penye karanga nyingi, akaliweka kwenye sahani ya Edisa. Edisa alilila polepole sana, lisiishe upesi.

Aliyeteseka alikuwa Baluku. Alichovya, akatafuna, akatazama beseni. Alichovya tena. "Iko na magamba," akasema bila kumwambia mtu yeyote. "Maisha yangu yote."

"Kula karanga, shemeji," Edisa akamwambia. "Karanga nazo, nani ajuaye, huenda ni samaki."

"Hapana, mukaka, karanga ni..."

"Mbambu," Edisa akasema, "kula."

Jua lilipoanza kushuka upande wa Kongo, Christophe akasema waende kabla mpaka haujafungwa. Mipango mingine, ya mbuzi na ya siku, Baluku alikuwa ameimaliza kwa dakika chache, maana moyo wake haukuwepo. Mbambu akaeleza kwamba Jumatatu atampeleka mamba shuleni Kasese, amweke kwenye tangi la maji, wanafunzi wamwone akipumua. Chérie akataka kujua jina atakalopewa. Alipoambiwa hana jina, akafikiri.

"Mumuite Mujomba," akasema. "Yule wa kwetu hakupataka hata kaburi. Huyu apate shule."

Alivaa viatu vyake mlangoni, kisha akavivua tena. Akarudi ndani, akapita sebuleni, akainama juu ya beseni kwa umbali wa heshima, mikono nyuma kama Baluku.

"Mujomba," akasema, "kwaheri."

Chubwi. Pua ikatoka nje.

Haaaf.

"Anasema nini?" Chérie akauliza, bila kugeuka.

Edisa alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kiatu kimoja cha mgeni kila mkono, ameshavifuta tope.

"Anasema urudi kabla ya Jumatatu, umkute," akasema. "Na mimi nasema urudi hata baada ya Jumatatu, mama. Urudi siku yoyote. Hata Ijumaa."